Ombi la Kurudishiwa Presha ya Mume Wangu

Butembo, mwezi wa tano, 2002

Kwa: Bwana Paulin, Muuguzi Mkuu wa kituo chetu cha afya

Kuhusu: madhara ya chai ya ngai-ngai ambayo hukuyataja

Nakala kwa: Mchungaji wetu, na Mwenye Mamlaka ya mji huu, yaani yule atakayekuwa ameushika siku barua hii itakapomfikia

Bwana Paulin mheshimiwa,

Nakushukuru kwanza kwa dawa za minyoo, na kwa kuwa bado unafungua mlango wa kituo kila asubuhi wakati wengi wenye elimu kama yako wamekwisha kuhamia Kampala. Ninayekuandikia ni Jokébed, mke wa shemasi Syauswa, mkulima wa maharagwe. Mume wangu ni yule uliyempima presha mwaka jana, ukaangalia mashine, ukamwangalia yeye, halafu ukaiangalia tena mashine kama imekutukana. Sina kinyongo nawe. Nina malalamiko tu, nami nimeyapa namba ili usipotee njiani.

Utakumbuka mambo yalivyoanza. Vidonge vya presha vilikuwa vimekwisha, barabara imefungwa na wenye bunduki, na kule Beni ndege ilikuwa imeshusha viatu vya askari badala ya dawa. Ukatukusanya barazani, sisi wenye wagonjwa wa presha, ukatufundisha habari ya chai nyekundu. Ngai-ngai kila mtu hapa anaijua, ni ile mboga chachu tunayopika na samaki. Lakini wewe hukutaka majani. Ulitaka yale maua mekundu, yaanikwe, yachemshwe, yanywewe bila sukari nyingi. Ukasema yanashusha presha polepole. Na kwa kuwa wewe ni mtu mkweli, ukataja na hatari zake: mwenye mimba asiguse, mwenye presha ya chini asiguse, anayemeza vidonge asichanganye kabla ya kukuuliza, na kila mnywaji asukutue kinywa kwa maji kwa sababu uchachu ule unakula meno. Tuliitikia kwa vichwa, tukaenda nyumbani kuanika maua.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote hukuitaja. Mume wangu hakasiriki tena.

Usicheke, Bwana Paulin. Kuna nyumba hapa mjini zenye milango ya chuma. Sisi tulikuwa na sauti ya Syauswa. Siku wale waliotawala kabla ya hawa walipokuja kuchukua godoro letu, mume wangu aliwafokea toka kizingitini mpaka barabarani, mishipa imemsimama shingoni, na wale askari wakarudi nyuma. Walidhani mtu anayefoka namna ile lazima ana kaka mwenye nyota begani. Hana kaka yeyote. Godoro tunalilalia mpaka leo kwa nguvu za presha yake, na sasa hiyo presha umeinywesha maua. Haya ndiyo matokeo:

1. Mtaa mzima ulikuwa ukiamka kwa kelele zake. Aligombana na kuku, na kuni mbichi, na redio ikikosa betri. Jirani yetu Nadège, anayeuza mikate, hakuwahi kununua saa maishani mwake. Sasa Syauswa anaamka, anawaambia kuku habari za asubuhi, na Nadège anafika sokoni wakati watu wamekwisha kunywa chai bila mkate. Lawama naletewa mimi.

2. Chai hii inasukuma mkojo, jambo ambalo pia hukulikazia. Shemasi huketi benchi la mbele. Akitoka nje katikati ya mahubiri, kanisa lote linamwona, na Mchungaji anadhani neno limemchoma au halikumpendeza. Juma lililopita alitoka wakati wa habari za uzinzi. Sasa mabinti wa kwaya wananitazama kwa huruma nisiyoihitaji.

3. Hili linaniuma. Watu wa Luc, kijana anayetaka kumwoa binti yetu Orpa, Wakatoliki wa Beni, walikuja kuongea mambo ya mahari. Wewe mwenyewe umeoa, unajua kwetu mazungumzo yanavyokwenda. Wageni wanataja mbuzi wachache, baba wa binti anasimama, anakasirika, anatoka nje akisema mtoto wake si fungu la mihogo. Wanamfuata, wanambembeleza, anarudi, wanaongeza mbuzi, heshima inapatikana pande zote mbili. Nilikuwa nimemshonea shati kwa ajili ya kutoka nje. Basi wakataja mbuzi wao, wachache hata mimi nikaona aibu kwa niaba yao. Syauswa akainua kikombe chake chekundu, akasema: "Haina shida. Hata ile munaleta inatosha. Mutoto ni wenu."

Shangazi yake Luc akamnong'oneza mwenzake, lakini kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe: "Lakini huyu binti iko na nini? Baba yake hapana kasirika hata kidogo!" Wakaomba muda wa kwenda kufikiri. Mpaka leo wanafikiri. Orpa amekonda, na Luc anamwandikia kwa siri kumuuliza kama ana ugonjwa wa ukoo.

4. Meno yake. Yamekuwa na rangi ya mtu aliyekula wino. Nalitaja tu ili lisisahaulike.

5. Hawa wanaotutawala sasa nao walikuja kwa ajili ya lile godoro. Nilijificha nyuma ya pipa nikingoja sauti ya mume wangu ifanye kazi yake. Nikasikia viti vinavutwa. Bwana Paulin, aliwakaribisha! Aliwamiminia chai. Wakanywa, wakakunja uso kwa uchachu, wakaomba tena, wakaenda zao bila godoro, lakini wakaacha desturi. Sasa sajenti mmoja anafika karibu kila alasiri na kikombe chake cha bati, anaegemeza bunduki kwenye ukuta wangu wa jikoni na kuuliza: "Papa, chai iko?" Anamweleza Syauswa habari za mama yake aliyemwacha mbali. Majirani wanasema tumejiunga na jeshi.

6. Kutokana na hilo la tano, kamanda wao alinijia mwenyewe. Alinisemesha kwa uchungu wa kweli: "Mama, munatia nini mu ile chai? Batu yangu kwa barrière banaanza kusema s'il vous plaît." Yaani askari wa kizuizi cha barabarani wanasema tafadhali! Nilimpa kikombe, akakikataa, akasema yeye ana majukumu.

7. Basi fikiri mbele kidogo, kwa kuwa wewe umesoma. Chai ikitoka kwangu ikafika kambini, ikatoka kambini ikafika Kanyabayonga kwenye mstari wa mbele, na wale wa upande wa pili wakaionja, nani atapigana? Askari watabaki wakitafuta mahali pa kukojoa. Vita itakwisha ovyo, bila mkataba, bila muhuri, bila ruhusa ya wakubwa wetu ambao wanahangaika kuzungumza amani katika hoteli za nchi za mbali, penye vitanda laini na nyama asubuhi. Watafukuzwa hotelini. Watarudi hapa, wote, na njaa yao. Je, kituo chako kiko tayari kubeba dhamana hiyo? Mimi naona hapana.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu mambo yafuatayo. Umwite mume wangu, umwachishe chai hii. Kama sheria za uganga haziruhusu, basi umwandikie hasira kidogo, asubuhi na jioni, baada ya kula. Pia utoe karatasi yenye muhuri, tuwapelekee wakwe zetu watarajiwa, ikithibitisha kwamba upole wa baba wa Orpa umetokana na matibabu na si kasoro ya binti. Na barazani kwako, unapotaja hatari za chai ya ngai-ngai, uanze na hii yangu, ndipo uje kwenye meno.

Najua utaniuliza: je, presha si ingemuua? Ingemuua, ndiyo. Uliniambia mwenyewe kwamba mshipa ungeweza kupasuka kichwani wakati anagombana na kuni. Lakini ningekuwa mjane wa mtu anayejulikana. Leo ni mke wa mtu anayesema pardon kwa mbuzi. Watu wananiuliza kama alinyweshwa kitu, nami siwezi kuapa kwamba hapana, maana namnywesha mwenyewe.

Msalimie mke wako na watoto. Msalimie mama wa kupima mimba, mlinzi wa lango, wagonjwa wote wa vitandani, na hata wale wasioumwa chochote wanaokuja kwa ajili ya chandarua. Sisi hapa ni wazima, isipokuwa kwa hayo niliyoyaandika.

Mimi anayekuheshimu na kukulaumu kwa kiasi kilekile,

Jokébed, mke wa shemasi

N.B. Naongeza haya nikiwa kwenye benchi lako, nje ya mlango. Tulikuja pamoja, Syauswa na mimi, yeye kwa kipimo chake, mimi na barua hii kwenye kitambaa. Tumepita barrière ya darajani. Hawa si wale wa sajenti, ni wengine, wamefika jana. Mtu aliyekuwa mbele yetu aliwajibu kwa hasira. Sitaki kuandika walichomfanya. Alikuwa bado pale chini tulipoitwa sisi. Mmoja wao, umri wa Luc, akafungua mfuko wetu wa maharagwe, akauchukua, akamvua mume wangu kofia, akampiga kofi mbele ya watu wote na mbele yangu. Syauswa akainama, akaokota kofia, akasema: "Asante, mutoto wangu. Ukule muzuri."

Wakatuachia tupite. Nikamshika mkono kwa hasira, nikitaka kumuuliza ni mwanaume gani. Bwana Paulin, mishipa ya shingo yake ilikuwa imesimama kama siku ya godoro. Akaniambia bila kugeuza kichwa: "Jokébed, tembea. Usiangalie nyuma. Miye niko nataka kuishi na weye." Nilikuwa nadhani chai imemaliza hasira yake. Haijamaliza kitu. Iko yote, na yeye ndiye anayeizuia, na sijui ni mara ngapi amefanya hivyo nami nikiwa namcheka.

Futa namba zote, kuanzia ya kwanza. Sasa hivi yuko kwako ndani, nawasikia. Unamfunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi. Utakuta imepanda sana. Nakuomba usimgombeze, wala usimuulize amekula nini leo.