Mawese katika Motere ya Chura

Njia ya Fizi, upande wa Baraka
Machi 1999

Kwa Bwana Komanda Wilfried, mwenye bunduki zote za upande wetu wa ziwa, na sasa pia mwenye pikipiki yetu ya magurudumu manne.

Bwana Komanda,

Natumaini barua hii inakukuta umekula na umelala vizuri, maana siku ambazo hujalala vizuri, sisi ndio tunaoamka.

Mimi ni Constance, mkunga wa zahanati ya kilimani. Tafadhali usishtuke: siandiki ili nirudishiwe kitu. Naandika kwa sababu ya wosia.

Pikipiki hiyo, ambayo watu wa huku waliiita Chura kwa namna ilivyoruka mashimo, ililetwa na mzungu mmoja, Bwana Henri, ili achezee kwenye mchanga wa ziwa siku za Jumapili. Vita vya kwanza vilipofika alikimbilia kwenye boti, na akiwa ndani ya maji hadi magotini akanirushia funguo, akapaza sauti: “Mama Constance, angalia mafuta!” Huo ndio wosia wenyewe: hakusema niangalie wagonjwa, wala roho yangu. Mafuta. Nikajifunza kuiendesha, tukaifungia kigari nyuma, tukaweka godoro. Tangu hapo akina mama wenye uchungu, Wabembe wa huku chini na Wanyamulenge wa Bibokoboko, walikwenda hospitali ya Fizi juu ya godoro lile lile, kila mmoja kwa zamu yake, wala godoro halikuuliza mtu ni wa kabila gani.

Kisha ukaja wewe na askari wako, ukasema: “Mama, iyi mashini, vita inaiitaji.” Nikatoa funguo. Vita haibishiwi. Jumapili iliyofuata niliteremka Baraka, nikaiona vita yenyewe: ilikuwa inazunguka-zunguka kwenye mchanga, imevaa miwani ya jua, na nyuma yake wasichana wawili wakipiga vigelegele.

Kwa hiyo sina neno juu ya kunyang’anywa. Nalalamikia matunzo tu, kama ifuatavyo:

1. Mafuta. Dereva wako Dany ametia mawese katika motere, ndani kabisa ya injini. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole, “Mama, mafuta ni mafuta.” Mawese ni chakula kizuri, nami nimelelewa nayo, lakini motere haili sombe wala majani mengine ya muhogo. Siku ile Chura alipita sokoni akitoa moshi wenye harufu ya ndagala, visamaki vyetu vya ziwani, za kukaanga, na wenye njaa walimfuata hadi kambini kwako. Sijui kama uliwakaribisha.

2. Hewa. Mipira ya magurudumu ya mashini hii inataka hewa kidogo, ibonyee ukiigusa kwa gumba, ndipo inashika mchanga na mawe. Ninyi mmeijaza ikawa migumu kama ya lori. Ndiyo maana ulirushwa juu mbele ya watu siku ya gwaride. Hakuna aliyecheka, Bwana Komanda. Wote walikuwa wanakohoa.

3. Kuogesha. Chura ni jina la utani. Haogelei. Mlimwingiza ziwani hadi maji yakafika kwenye sponji inayochuja hewa, na tangu hapo anakoroma kama mzee mwenye pumu.

4. Abiria. Pale juu ya gurudumu kuna picha ya watu wawili iliyopigwa mstari mwekundu, maana yake mtu ni mmoja tu. Ninyi mnapanda watano na mbuzi. Nakubali kwamba picha haikusema lolote juu ya mbuzi.

5. Kigari. Hapa naomba unisome polepole. Siku Adolphine wa kijiji chetu alipopata uchungu, mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni, na mimi kwa mikono yangu nilishindwa kumgeuza. Mumewe Anatole aliteremka mbio hadi kwako kuomba kigari peke yake, akisema vijana wa kukivuta wapo. Kigari kilikuwa kimebeba bia za sikukuu yako. Ulimjibu: “Bamama banazalaka tangu zamani, bila mashini.”

Basi tulimbeba kwa tipoyi, machela ya miti ya begani, wanaume wanne wakipokezana na wengine wanne. Kwenye kizuizi chako cha barabara, askari walitaka kwanza tuwaoneshe ndani ya shuka kuna nini. Tuliwaonesha. Adolphine alifika Fizi akiwa hai. Mtoto hakufika. Alikuwa wa kike. Anatole alimbeba kurudi, ndani ya kitambaa changu cha kichwani.

Silalamikii hilo. Ulisema kweli: akina mama wanazaa tangu zamani, na tangu zamani wanakufa pia. Ninachosema ni kwamba kigari kile kilibeba mzigo mzito siku ile bila kupakwa grisi kwenye ekseli.

6. Ratiba. Kwa kuwa mashini haipumziki wakati wewe unafurahi, na haifanyi kazi wakati wewe umenuna, naomba tupangiwe. Nimewashauri akina mama wazae siku za mvua tu, mchanga unapokuwa mbaya kwa kuchezea. Watoto wakae tumboni kwa adabu mpaka upate kuchoka. Na kama hilo ni gumu, amuru njia yote ya Fizi imwagwe mchanga wa ziwa, ili ukitaka kucheza upande mlima kwetu, nasi tudandie. Adolphine ameuliza ni ofisa gani anayetia sahihi ruhusa ya kuzaa. Nimeahidi kukuuliza.

Nakuaga kwa heshima yote niliyobaki nayo. Uwasalimie askari wa kizuizini, wasichana wa Jumapili, na mbuzi kama bado yupo. Anatole hakutuma salamu.

Ni mimi,
Constance, mkunga

N.B. Usihangaike na hayo yote niliyoandika hapo juu. Leo asubuhi, kabla sijapata wa kuileta barua hii, Dany na wenzake wamefika mlangoni kwetu wakimsukuma Chura pamoja na kigari chake, jasho likiwatiririka. Wamesema: “Tumechoka kuisukuma, Mama. Tutamuambia mukubwa kama imekufa.” Nimefungua motere, nimetazama, nami nathibitisha kama mtu wa afya: imekufa. Maiti haidai mafuta wala hewa. Tumeiosha mawese yote tumboni, kama maiti inavyooshwa, tukaihifadhi kwa heshima nyuma ya zahanati, chini ya majani ya migomba, usitume mtu kuichukua. Huko Bibokoboko kuna mama mmoja, Gaju, ambaye uchungu umemwanza tangu jana. Ukisikia mngurumo unapanda mlima upande ule jioni hii, Bwana Komanda, ni radi. Mwezi huu zinapiga sana.