Karatasi ya Geti

Jackton Ochola alimwona msichana kabla msichana hajamwona. Angalau hivyo ndivyo alivyoamini, na mtu wa kazi yake lazima aamini kitu.

Msichana alisimama mtaani Mowlem, mbele ya mlingoti wa stima uliobandikwa matangazo ya nyumba za kupangisha, moja juu ya jingine, mpaka mlingoti wenyewe ulikuwa umenenepa. Alikuwa akiyanakili kwenye daftari. Daftari! Jackton alihisi mate yakimjaa. Mtu anayetafuta nyumba Nairobi kwa daftari ni kama kuku aliyeingia jikoni kuulizia bei ya kitunguu.

"Sasa, siste. Unatafuta keja?"

"Natafuta, kaka. Naitwa Nthenya. Nimepata kazi ya ukarani mjini. Nyumbani wananiambia nikae Joska, kodi ni nafuu na hewa ni safi."

"Joska!" Jackton alishika kifua kama aliyepashwa habari za msiba. "Joska utaamka saa kumi alfajiri pamoja na jogoo, na jogoo atafika mjini kabla yako. Hiyo hewa safi utaivuta saa ngapi?"

"Na Kitengela?"

"Huko ni kwa watu wenye gari na ndoa. Wewe uko peke yako. Kijana anayejitegemea anakaa mtaa wa Tena. Mjini ni karibu, mboga iko mlangoni, na ukiugua majirani watajua, hata usipotaka wajue."

Jackton hakuwa ajenti wa nyumba. Kazi yake ilikuwa kupangisha nyumba zisizo zake. Mwaka uliotangulia alimpangishia msichana mmoja, Kaluki, chumba kule Umoja. Kaluki alifika na godoro lake akakuta familia ya watu sita mezani. Walikuwa watu wa heshima. Walimkaribisha chapati.

Safari hii Jackton alikuwa ameboresha huduma. Alipangisha bedsita aliyokuwa akiishi mwenyewe, chumba kimoja cha ghorofa ya tatu huko Tena, jiko kwenye kona na choo ndani. Jumamosi angehamia mtaa wenye lifti. Vijana watatu walikuwa wameshamlipa dipoziti ya chumba hichohicho, kila mmoja akapewa ufunguo wake uliochongwa Kariobangi, na wote wakaambiwa wahamie Jumapili. Jackton alikuwa na huruma: hakutaka yeyote kati yao ajihisi mpweke. Pesa zao alizitoa kwenye simu haraka, asije mtu akazirudisha, akazishonea ndani ya mto wa sofa.

Huyu wa nne alikuwa wa kulipia lifti.

Getini alikuwepo Mzee Opicho, msimamizi wa ploti. Opicho aliabudu Mungu Jumapili na karatasi siku nyingine zote. Mgeni hakuingia bila kuandika jina na namba ya simu kwenye kitabu chake. Kitanda, jiko hata kijiko havikutoka bila karatasi yenye sahihi yake na mhuri aliojinunulia mwenyewe.

"Jackton, huyu naye ni nani? Wiki hii wageni wako wote wanapanda, wanavuta maji ya choo, wanashuka."

"Ni dada yangu, mzee. Amekuja kunisaidia kuhama. Ile karatasi yangu ya geti iko tayari?"

"Iko tayari. Dada yako anaitwaje?"

"Nthenya," alijibu msichana.

Opicho akamtazama Jackton Ochola, jina la Kijaluo, akamtazama Nthenya, jina la Kikamba.

"Mama mdogo aliolewa Ukambani, kule Mwingi," alisema Jackton haraka.

"Ah. Basi karibu. Andika hapo."

Nthenya aliandika kwenye kitabu cha wageni, kisha akaandika kidogo kwenye daftari lake pia. Msichana wa kuandika, alijisemea Jackton.

Kwenye ngazi alimnong'oneza, "Mwenye chumba anahama, mimi namshughulikia tu. Lakini mzee hapendi maajenti. Kwa hivyo ukiwa hapa, mimi ndiye mpangaji na wewe ni dadangu."

"Sawa, kaka."

Ndani Nthenya alifungua bomba, akanusa sinki, akavuta maji ya choo, akaketi.

"Sofa inabaki?"

"Inaondoka na mwenyewe."

"Ngumu kidogo upande huu."

"Springi," alisema Jackton, akakohoa.

"Chumba nimekipenda. Ila kwetu hatulipii nyumba kabla haijaombewa. Kina mama wa kanisa watakuja kesho Ijumaa mchana. Wakisema tu amina, nakulipa ya miezi mitatu. Uwepo, kaka, umwone Mama Mchungaji. Anapenda kuuliza maswali. Alimhoji ajenti mmoja wa Kayole mpaka akaokoka."

Jackton alikumbuka kuwa Ijumaa alikuwa na shughuli nyingi sana.

"Basi niachie ufunguo," alisema Nthenya kwa upole.

Akampa. Ufunguo mmoja zaidi ungemdhuru nani?

Ijumaa mchana kutwa Jackton alikaa kibandani Kariobangi, akanywa chai tatu na kupatana na mwenye pikapu kwa ajili ya kesho. Alifurahi kwamba angalau sofa yake ilikuwa ikiombewa.

Saa kumi jioni alifungua mlango wake. Chumba kilikuwa kimeombewa sawasawa. Sofa, kitanda, televisheni, jiko la gesi, mapazia, vyote vilikuwa vimeokoka. Hata balbu ilikuwa imeitika wito.

Alishuka ngazi tatu tatu.

"Mzee! Vitu vyangu!"

"Vimeenda salama," alisema Opicho. "Wale kina mama ni wa nguvu! Wanabeba huku wanaimba mapambio. Sofa nilishika upande mmoja mimi mwenyewe."

"Ukawafungulia geti?"

"Walikuwa na karatasi." Opicho aliumia kidogo. "Nilimpa dada yako. Si wewe ulisema amekuja kukusaidia kuhama?"

"Huyo si dadangu!"

"Kwani mama mdogo hakuolewa Mwingi?"

Ili Jackton amwite Nthenya mwizi, ilibidi kwanza aeleze alimpaje ufunguo, na kwa nini.

"Alisema wanaenda wapi?"

"Joska. Ati hewa ni safi. Na Kaluki anakusalimu, anasema zile chapati zilikuwa tamu. Kaluki ni nani?"

Jackton alikuwa akitazama getini. Vijana watatu walikuwa wakiingia mmoja baada ya mwingine, Muoki, Whitney na Gitonga, kila mmoja na godoro, kila mmoja na ufunguo mkononi, wakitazamiana funguo.

"Hao ni wageni wako," alisema Opicho. "Dada yako aliwapigia, namba zao alizitoa kwenye kitabu changu. Amewaambia kuhama ni leo, si Jumapili."

"Mzee, nifungulie nitoke. Sasa hivi."

"Unahama?"

"Nahama!"

"Karatasi iko wapi?"

"Si umeshaitoa! Na sina kitu! Nitazame, sijabeba hata kijiko!"

Opicho aliwatazama wale watatu na magodoro yao, kisha akazungusha ufunguo kwenye kufuli, akalifunga geti.

"Hilo la kwamba huna kitu," alisema, "waeleze hawa."