Tivaevae la Shangazi Anayekufa

Jumatatu, 3 Novemba

Mjukuu wangu Tuteru atakatwa nywele tarehe ishirini na mbili. Tangu azaliwe hajaguswa na mkasi, ndiyo desturi yetu kwa mtoto wa kiume. Nywele zinamfika kiunoni, watalii wanamwita binti. Ukumbi wa kanisa utajaa hadi madirishani. Kisha yeye na wazazi wake wanahamia Auckland.

Na atakwenda na tivaevae moja tu! Mwanangu Teokotai kasema ndege haina huruma, na shuka la kushona kwa mkono lina uzito wa mbuzi. Moja, basi. Mtoto alalie huko kwenye baridi, amkumbuke bibi yake.

Bibi yupi? Hapo ndipo penye kazi.

Mkwe mwenzangu Tuaine, bibi wa upande wa mama, keshamaliza lake. Alilianza mtoto akiwa bado tumboni! Viraka vidogo vidogo vya kila rangi, kila kimoja kama ukucha wa kidole gumba. Leo sokoni kaniuliza, kwa ile sauti yake ya asali, langu limefika wapi. Nikasema limebaki pindo.

Limebaki pindo! Sina hata kitambaa.

Miaka nenda miaka rudi nimo katika kundi la akina mama washonaji wa kijiji chetu, Arorangi. Kazi yangu ni kuimba, kuleta habari za watu na kuonja maandazi. Kila kundi linahitaji mtu wa namna hiyo.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepata wazo nikiosha taro.

Nikiwaomba akina mama wanishonee, watacheka mpaka wapaliwe. Mama Akaiti, ambaye ndiye mkubwa wetu na ndiye mkata maua ya kitambaa, alishaniambia kwamba mkono unaojua njia ya kwenye maandazi hauwezi kupotea njia ya kwenye sindano. Mbele za watu!

Lakini mtu anayekufa? Mtu anayekufa hushonewa na kijiji kizima, mbio mbio, bila maswali. Asiende kaburini bila kitu cha heshima.

Nani anakufa? Nimepekua ukoo mzima. Wazima wote, ovyo kabisa. Ndipo nikamkumbuka Mama Tepaeru, shangazi yake mume wangu. Ana miaka themanini na ushei, yuko Titikaveka, upande wa pili wa kisiwa, kanisa lake ni lingine na huku haji. Mtu wa umri ule anakufa kidogo kidogo kila siku. Huu si uongo. Ni kuitangulia habari.

Watashona. Nitalipokea nimpelekee mgonjwa. Litaishia kwa Tuteru.

Nimemweleza mume wangu, Ngametua. Kasema ni wazo baya. Yeye wazo lake la mwisho lilikuwa kufuga nyuki barazani.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimelia ukumbini. Nimelia vizuri sana! Hata mimi nilianza kumhurumia Mama Tepaeru.

Mama Akaiti kanishika mkono. Kauliza mgonjwa anapenda rangi gani. Nikasema buluu, kwa kuwa Tuteru anapenda buluu. Kashangaa: kikongwe, buluu? Nikasema shangazi anaiona mbingu kila akifumba macho. Wote wakatoa leso. Nina kipaji, sijui kwa nini sikuwa mhubiri.

Kitambaa kikapatikana papo hapo. Mama Akaiti kakikunja, kakikata bila kuchora hata mstari, na alipokikunjua yakatoka mayungiyungi ya buluu, makubwa kama sinia.

Wa kwanza kuvuta sindano alikuwa nani? Tuaine! Kasema lake limekwisha, mikono inamwasha. Atanishonea tivaevae la kulishinda lake mwenyewe! Nikainamisha kichwa. Walidhani ni huzuni.

Jumapili, 9 Novemba

Balaa.

Mchungaji kamwombea Mama Tepaeru kanisani. Kwa jina. Kwa kijiji. Kwa sauti ya kumfikia mwenyewe Titikaveka bila simu. Kisha kawahimiza waumini wasimwache mgonjwa peke yake, wampelekee neno la faraja na chochote cha kutia mdomoni.

Ngametua aliutazama ukuta ibada nzima. Kurudi nyumbani kaniambia njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia kisiwa chenyewe ni kifupi, kosa langu liko wapi?

Jumatano, 12 Novemba

Nimekwenda Titikaveka kuziba mambo kabla hayajamwagika. Nilijipanga kumkuta shangazi shambani na nguruwe wake, nimwambie kwa upole kwamba kuna watu wamesikia vibaya.

Nimemkuta kitandani. Amevaa gauni jeupe la kanisani. Kando yake kuna kuku wa kuchoma, taro, ndizi za kupikwa na tui, na bakuli la ile saladi yetu ya viazi, ya waridi kwa bitiruti.

"Poko," kaniambia, "nasikia nakufa."

Nikasema pole, shangazi.

"Pole ya nini? Nisogezee hilo paja la kuku."

Kasema Jumapili jioni watu walimkuta akimfukuza nguruwe. Wakapiga yowe, wakambeba mzobemzobe hadi kitandani. Alitaka kuwapiga na ufagio. Lakini wa pili kaja na kuku, na wa tatu kaja na keki, naye akaona si adabu kuwavunja watu moyo. Tangu hapo anaguna kila akisikia pikipiki.

"Mwanangu, sijawahi kuishi vizuri kama tangu nianze kufa."

Nikaona lililo jema ni kusema ukweli. Nikamweleza yote: Tuteru, Tuaine, tivaevae. Kanisikiliza akitafuna. Kasema sawa, atanisitiri. Ataguna mpaka kazi iishe.

Mwanamke muungwana! Kaniuliza tu, nikiwa mlangoni, hilo tivaevae ni la rangi gani. Nikasema buluu. Kakunja uso. Kasema angependa pindo la zambarau. Nikamwambia yeye linamhusu nini? Kasema halimhusu, anauliza tu.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimewaambia akina mama pindo liwe la zambarau. Mzee akiguna vibaya nitaumbuka, bora nimpoze.

Leo wamenipa jani moja nishone. Jani moja tu! Nimeshona kwa bidii kama mtu wa kulipwa. Nilipoinuka kwenda kwenye maandazi, tivaevae lote likainuka nami. Nilikuwa nimelishona kwenye sketi yangu. Akina mama waliokuwa wamelikalia upande wa pili wakavutwa kama samaki wavuni.

Tuaine ndiye aliyenikata na kunitoa. Kisha kalishona upya jani langu. Kakaa karibu nami, kasema polepole kwamba miaka yote hii alinidhani mtu wa maneno matupu, kumbe nina moyo wa kuhangaikia shangazi wa mume. Kasema nimsamehe kwa kunisema.

Nikajisikia vibaya tumboni. Nadhani ni ile saladi ya Titikaveka.

Jumanne, 18 Novemba

Limekwisha. Sijapata kuona kitu kama kile! Mayungiyungi yanakaribia kunukia. Pindo la zambarau limekaa kama machweo. Nikanyoosha mikono, nikasema asanteni, nitamfikishia mwenyewe kesho.

Mama Akaiti kaniuliza nimeona wapi tivaevae la mtu anayekufa likitumwa kama kifurushi. Tunakwenda wote!

Nikasema mgonjwa hataki kelele. Kasema tutaimba taratibu. Nikasema njia ni mbaya. Njia ina lami kisiwa kizima, Ngapoko. Nikasema inawezekana keshakufa. Basi tuwahi!

Tukapanda lori, kofia nyeupe vichwani, tukiimba nyimbo za msiba. Nilifika nikiwa mgonjwa kuliko mgonjwa.

Mama Tepaeru aliguna kwa namna ambayo mlangoni tu wawili waliangua kilio. Tukasimama kukizunguka kitanda. Mama Akaiti na Tuaine wakalikunjua tivaevae, wakamfunika hadi kidevuni.

Akaacha kuguna. Akapitisha mkono juu ya mayungiyungi, ua baada ya ua, kisha akaanza kulia, na kilio hiki hakikuwa cha mchezo. Kasema ameshona tangu akiwa msichana. Ameshona ya harusi za watu, ya watoto wa watu, ya mazishi ya watu. Yeye hakujaliwa mtoto. Hakuna aliyewahi kumshonea hata foronya.

Wote wakalia. Mimi nililia kuliko wote. Tivaevae langu!

Walipotoka kwenda kwenye lori nilibaki nyuma. Nikashika pindo, nikavuta kistaarabu. Kikongwe kile kina mikono ya pweza.

"Niachie, Poko."

Nikamwambia tulikubaliana.

"Tulikubaliana niwe nakufa. Nimekufa vizuri au sikufa vizuri?"

Nikamwambia ni la Tuteru.

"Geuza kona hiyo usome."

Nikageuza. Wamelitarizi jina. TEPAERU, kwa uzi wa zambarau. Mkono wa Tuaine, nimeutambua.

Jumamosi, 22 Novemba

Siku ya nywele. Sina kitu.

Asubuhi Ngametua kaja na mfuko mkubwa kutoka dukani Avarua. Ndani yake blanketi la kiwandani, zito, lenye kichwa cha chui mwenye milia. Meno nje! Macho ya kijani! Nikamwambia afadhali twende mikono mitupu. Kasema tukienda mikono mitupu mtoto atakuwa na baridi. Jibu gani hilo?

Ukumbini kiti cha Tuteru kilikuwa kimetandikwa tivaevae la Tuaine. Viraka elfu vinameremeta. Watu wakipita wanalishika na kutikisa vichwa. Mimi nilikalia mfuko wangu.

Mara pikipiki nje. Nani huyo nyuma ya dereva? Mama Tepaeru! Shada la maua kichwani, tivaevae mabegani kama joho la mfalme.

Mchungaji akapaza sauti: muujiza! Sala zimejibiwa! Akaniita mbele nitoe ushuhuda, maana mimi ndiye niliyeuleta ugonjwa huu kwa kanisa. Nikasimama. Ningefanyaje? Nikasema nilikesha nikiomba. Nikasema niliona nuru. Nilikuwa naanza kuieleza nuru ilivyo, Mama Tepaeru akaniomba kipaza sauti.

"Ndugu zangu," kasema, "maradhi yangu yalianzia mdomoni mwa Ngapoko, yakaishia kwenye sindano ya Tuaine. Katikati hapo nimekula vizuri. Asanteni."

Watu wakacheka kwanza. Halafu kicheko kikaanza kufa, kiti kwa kiti, kadiri kila mmoja alivyokuwa anaelewa. Mama Akaiti alielewa mapema. Hakunigombeza. Kanitazama tu, halafu kanionyesha kwa kidevu masufuria yanayosubiri kuoshwa.

Niliosha. Niliporudi saladi ilikuwa imekwisha. Nimeambiwa kwamba katikati ya kukatwa, upande mmoja bado una nywele na upande mwingine hauna, Tuteru aliuona mfuko, akamwona chui, akaruka kitini akipiga kelele. Haikuwa hofu. Mapenzi!

Jumatatu, 24 Novemba

Uwanja wa ndege. Ushindi!

Teokotai kasema moja tu, chagua. Kila mtu alijua jibu. Tuaine alikuwa amelikunja lake ndani ya mkoba wenye utepe. Tuteru akamkumbatia chui shingoni. Mama yake kambembeleza, kamwahidi pipi, kamtisha. Mtoto kalala chini sakafuni na chui wake, akalia mpaka abiria wakatusogelea.

Akaenda na chui.

Tuaine kalilaza tena tivaevae mkobani taratibu, akafunga utepe. Sasa hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Nilimwambia pole, kwa sauti ile ile ya asali. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi garini.

Kanitazama kama mtu anayetazama doa, anajiuliza kama litatoka.

Ngametua kamchukulia mkoba, kampeleka hadi nyumbani kwake. Mimi nimerudi kwa miguu. Jua kali, ushindi wangu mkononi.

Jumapili, 30 Novemba

Kanisani kiti cha kushoto kwangu kilikuwa kitupu, na cha kulia pia. Nafasi nzuri ya kuweka kofia.

Mama Akaiti kasema naweza kurudi kundini nikikubali kuwatungia wenzangu uzi kwenye sindano kwa mwaka mzima. Kimya! Bila kuimba! Nitafikiri.

Tuteru kapiga simu kutoka Auckland. Baridi kali, chui ana joto. Kataka kuongea na babu amshukuru. Babu! Nikachukua simu, nikamweleza mtoto kwamba babu alibeba mfuko tu, akili ilikuwa ya bibi. Kasema sawa, bibi, nipe babu.

Lakini kuna habari njema. Binti yangu aliyeolewa kisiwa cha Aitutaki kasema ni mjamzito. Mama mkwe wake ni mshonaji hodari, wanasema keshanunua kitambaa. Nimelala macho wazi adhuhuri nzima nikifikiri.

Kosa lilikuwa shangazi. Nilichagua mtu mbali na mtu mbishi. Mgonjwa anatakiwa awe karibu, nimwone, na awe mtu mnyenyekevu ambaye hata akipewa tivaevae atasema mpeni mke wangu. Na awe anapendwa na akina mama wote, Tuaine akiwemo.

Nimemwangalia Ngametua akimwagilia mboga. Amepauka kidogo siku hizi. Nimemwita ndani, nimemwambia alale. Kasema hajisikii vibaya popote. Nimemwambia atajisikia, ajaribu kukohoa kwanza.

Anakohoa ovyo kabisa. Lakini tuna miezi sita.