Kanuni Saba za Meza ya Ruta

Jumatatu, 13 Oktoba 1986

Chama cha ushirika kimeagiza fremu kumi na mbili za picha ya Rais, zitundikwe kabla ya sikukuu ya Kenyatta Dei. Mama Namalwa, mwenye karakana yetu hapa Kapsoya, ametangaza kwamba fundi atakayeng'ara katika kazi hii atakabidhiwa ufunguo wa swichi ya ruta. Ufunguo! Ni mimi au Murunga. Mimi nimefundisha useremala miaka ishirini na saba. Murunga aliacha shule darasa la tatu, akashinda kwenye mashine miaka kumi na tisa. Vidole vyake vyote kumi bado vipo. Bahati tu.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimetundika ubao wa kanuni. Kwa asiyejua: ruta ni mota yenye kisu kidogo. Hufungwa chini ya meza, kichwa chini, kisu kikachomoza juu. Mbao ndiyo husogezwa. Basi: chomoa plagi kabla ya kubadilisha kisu. Vaa miwani. Usivae tai. Sukuma kwa kibao, si kwa vidole. Kata kidogo kidogo. Sita, kubwa kuliko zote: mbao iende kutoka kulia kwenda kushoto, ikabiliane na kisu. Ikifuata mzunguko wa kisu, itanyakuliwa. Saba: msikilize Mwalimu.

Murunga alisoma polepole, kisha akauliza kama hiyo tai yangu haijui kusoma. Mafundi wakacheka. Nimeichomeka ndani ya shati.

Jumatano, 15 Oktoba

Murunga amemaliza fremu saba bila kutamka neno. Inaudhi! Wenzake watajifunzaje? Nimemweleza Mama Namalwa kwamba kazi isiyo na maelezo ni hatari. Akasema fremu zimenyooka. Nikamwomba kesho niwape mafundi somo. Akauliza litachukua muda gani. Nikasema dakika tano. Akaguna.

Alhamisi, 16 Oktoba

Dakika ya arobaini ndipo nilipowasha mashine.

Mwalimu hawapi wanafunzi mgongo. Kwa hiyo nilizunguka nyuma ya meza, nikawatazama usoni, nikasukuma mbao kutoka kulia kwenda kushoto kama kanuni inavyosema. Murunga akapaza sauti kwamba Mwalimu, ukiwa huko nyuma, kulia kwako ni kushoto kwe... Nikamwambia anyooshe mkono kwanza.

Mbao iliruka kama mkuki. Ikapita karibu na sikio la Murunga, ikapiga picha ya Rais iliyo ukutani kwetu. Kioo chote chini! Fremu vipande viwili!

Mama Namalwa alifunga mlango. Ofisi ya chifu iko hatua mia moja. Akasema tukiulizwa, yeye ni mjane asiyejua lolote, na mimi nimesoma, nitajieleza.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mpango wangu: ubao wa kanuni utundikwe pale palipokuwa na picha. Chifu alikuja kukagua fremu za ushirika. Akasoma ubao wote, akaupenda sana. Kisha akauliza Rais yuko wapi. Nikaanza kumweleza historia ya mota.

Murunga akatokea chumba cha nyuma na picha, kioo kipya, fremu mpya yenye ukingo kama wimbi. Akasema tuliishusha ili tuivike vizuri kwa ajili ya sikukuu. Chifu akapiga makofi, akaagiza yake kama hiyo.

Mama Namalwa akampa Murunga ufunguo palepale. Mimi akanipa boksi la chaki.

Jumatatu, 20 Oktoba, Kenyatta Dei

Wote wako uwanjani. Nimepata nafasi ya kufikiri kwa utulivu, na nimegundua kosa lilipokuwa. Lilikuwa kwenye ubao! Nimefuta kanuni ya sita nikaandika kushoto kwenda kulia, kwa herufi kubwa, kila mtu aifuate. Murunga atanishukuru.

Kuhusu ufunguo, nilichongesha wa pili tangu Agosti. Kesho asubuhi, kabla Murunga hajafika, nitawaita mafundi tulirudie somo. Nitavaa tai mpya.