Soksi ya Karatasi Kwenye Mtungi wa Bibi Gwak

Jumatatu, 9 Machi

Balaa! Meneja Seol katangaza kikaoni kwamba makala za kampuni zinafanana zote, hazina hata harufu ya soya. Nilikauka. Makala zote za kuuza doenjang yetu, ule uji mzito wa soya iliyochachushwa, huandikwa na Mashine, ile programu ya akili mnemba. Kazi yangu ni kuweka jina chini. Sasa anataka habari ya Bibi Gwak, anayetuchachushia soya kule Sunchang, kabla ya Ijumaa. Ikikosa ladha, nafasi yangu inafutwa, Mashine inabaki peke yake. Ha-rin wa kitengo cha video alinitazama kwa huruma. Huruma ya nini? Ana kiherehere yule.

Mpango: sitoki Seoul. Mashine itamtunga bibi.

Jumanne, 10 Machi

Dakika nne tu, kazi kwisha! Bibi wa Mashine anatabasamu kila aya na anapenda mila kupita kiasi. Picha nimeitoa kwenye faili la mwaka jana: mtungi umebandikwa soksi ya karatasi nyeupe, vidole juu, mdomo chini. Uzembe ulioje! Nimeiamuru Mashine iigeuze. Makala imeingia tovutini kabla ya chakula cha mchana. Nikala tambi kwa fahari.

Jumatano, 11 Machi

Nimeumbuka. Maoni mia mbili na kumi, karibu yote ya kina mama. Kumbe soksi hugeuzwa makusudi, mikosi na wadudu wanaopanda mtungi wanaswe humo! Mmoja kauliza nani kaiweka wima, hana mama huyo? Mwingine kasema kwa soksi ile mikosi yote ya mtaa imekaribishwa ndani, ivue viatu. Nitajuaje mimi? Nimelelewa ghorofa ya kumi na nne.

Meneja hakufoka, jambo la kutisha zaidi. Kasema, Tak, nenda Sunchang mwenyewe. Ha-rin kanionya nisiende mikono mitupu. Nikamjibu naenda kikazi, siendi kuposa.

Alhamisi, 12 Machi

Nimefika mikono mitupu. Bibi Gwak kaitazama mikono yangu, kisha kachungulia nyuma yangu, labda zawadi inakuja na basi lingine. Nikatoa maswali kumi na mawili ya Mashine. La kwanza: doenjang ina maana gani kwako? Kajibu, ya kula. La pili hakulingoja. Kanitupia kitambaa nifute mitungi. Mitungi arobaini! Kasema mikono yangu ni tambi zilizopitiliza kuiva, na aliyenilea apewe pole.

Kwenye mtungi wa thelathini hivi, mgongo umekufa, nikauliza kwa hasira nani hukata hizi soksi. Kasema ni marehemu mumewe. Maisha yake yote aliziita ushirikina, na kila mwaka alizikata yeye, maana mkewe hukata kombokombo. Mwaka aliougua alikata lundo zima bila kusema neno. Zimebaki kumi na moja.

Nikauliza, zikiisha je?

"Zikiisha nitajifunza kukata. Kwani nina miaka mingapi? Sabini na tisa tu! Shika gundi, kijana, acha kunikodolea macho."

Nilibandika moja mwenyewe. Vidole juu. Nilifurahi mno, sijui kwa nini.

Ijumaa, 13 Machi

Nimeandika kwa mkono wangu, kuanzia matusi mpaka gundi. Meneja kasoma mara mbili, akageukia dirishani, kisha kasema nafasi yangu ipo. Kina mama wamefurika tena, safari hii wakijitolea kumkatia Bibi Gwak soksi. Bibi kapiga simu kusema waache, ameshaanza mazoezi kwenye magazeti, ya kwanza imetoka kama bata. Ha-rin kaomba ushauri! Kwangu!

Meneja sasa anataka bibi mmoja kila mwezi, mwaka mzima. Kumi na wawili! Kila mmoja na mitungi yake!

Nimetafakari, nikagundua siri ya mafanikio: ni matusi. Basi, nisifute mitungi tena, nimeiagiza Mashine iwe bibi wa Sunchang, inichambe bila huruma. Imejibu kwamba mikono yangu ni hodari na inathamini juhudi zangu. Nimerudia mara tisa. Sasa inaomba radhi kwanza, ndipo inanisifu. Maendeleo makubwa! Kufikia Jumatatu itakuwa inanitukana vizuri kabisa.