Nilivyoitoa Njia Yetu ya Kibanjani

Wana kijiwe, leo nimejivua nguo mwenyewe, tena kwa Kiingereza.

Mnajua nasoma Kiingereza jioni pale Bugene (mlinicheka, nikawaambia siku nikibeba wazungu wanaokuja kuangalia kahawa mtaniheshimu). Somo la leo lilikuwa vyombo vya usafiri na safari. Madam akataka kila mmoja asimulie alivyosafiri leo. Wenzangu wakasimama mmoja mmoja: nimetoka nyumbani, nimetembea, nimefika. Nikaona hawa wanatulaza. Nikasimama.

Nikasema nimembeba mama mmoja kwa pikipiki, kutoka Bugene kwenda sokoni Kayanga. "Abiria walikuwa wangapi?" akauliza Madam. Ningesema mmoja, yangeisha. Lakini kuhesabu nimejifunza wiki mbili, nikataka ionekane. Nikataja mama, watoto wawili, mkungu wa ndizi na mbuzi. Darasa likapiga makofi.

Makofi yana ubaya wake, jamani. Madam alipouliza tulipita barabara gani, nikafunguka. Kwamba barabara kuu ina trafiki, kwa hiyo sisi bodaboda wote tunakatisha kwenye kibanja cha mzee wetu Ta Kamugisha, katikati ya migomba na mibuni yake, unapinda kushoto penye banda la ng'ombe, unaibukia nyuma ya soko. Yote kwa Kiingereza, bila kukwama hata mara moja! Madam alifurahi mpaka akawaambia wote waandike.

Aliyeandika kuliko wote ni mwanafunzi mpya, baba wa makamo aliyekaa dirishani. Akanyoosha mkono kwa adabu. "Samahani, kijana. Penye banda la ng'ombe ni kushoto au kulia?"

"Kushoto," nikamwambia. (Nikamwelekeza na kwa mkono.)

Madam akamwomba naye ajitambulishe na aeleze safari zake. Akasimama, akafunga daftari taratibu, akasema yeye ni askari wa usalama barabarani, amehamia juzi, na kwa kawaida hasafiri, husimamisha wanaosafiri. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini hakuna aliyekosa kuelewa.

Niliogopa, sifichi. Pikipiki ilikuwa pale nje, ni ya bosi, na ikilala kituoni mimi sina kazi. Kipindi kilipoisha nikamfuata, nikampa shikamoo ya heshima kuliko ninayompa baba mkwe.

"Marahaba," akasema. "Usiogope, hapa wote ni wanafunzi. Ila kesho asubuhi nitakuwa kwa Ta Kamugisha, penye banda."

Kwa hiyo, wana kijiwe, kesho ni barabara kuu, abiria mmoja mmoja, kofia ngumu kichwani. Njia tuliyoificha miaka yote nimeitoa mimi, na nimepigiwa makofi. Mwenye hasira anitukane hapa hapa, ila kwa Kiswahili. Kile kingine nimekiacha.