Siku Saa Sita Ilipoahirishwa

Wananchi wote wa jimbo letu walitangaziwa, kwa karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa Seneti na kugongwa muhuri mara mbili, kwamba saa sita mchana ya Alhamisi ile, mwaka 1857, imeahirishwa hadi hapo itakapotangazwa tena. Wananchi waliombwa wawe watulivu. Nao walikuwa watulivu, maana walikwisha kula.

Uamuzi huo wa busara ulitoka kwa Mheshimiwa Lysander Pruitt, wakili na mjumbe wa Seneti, mtu mwenye ndevu za mashavuni na mdomo usiojua likizo. Katiba ya jimbo ilisema kikao cha mwaka kinakufa siku hiyo saa sita kamili, na muswada usiopita unakufa nacho. Kwa hiyo kila mwaka, kazi ikibaki, mtu alipanda kiti akaisimamisha saa kubwa ya ukutani. Ilikuwa desturi ya miaka mingi na hakuna aliyeiona ajabu. Pruitt mwenyewe aliwahi kuitetea mahakamani akashinda, kwa hoja kwamba saa ya Seneti ndiyo saa ya sheria na kumbukumbu za kikao ndizo ukweli, kwa kuwa jua halijawahi kuchaguliwa na mtu yeyote.

Muswada wake wa mwaka huo ulihusu maendeleo. Kampuni moja ya reli ilitaka kujenga kituo, na wataalamu wake waligundua kwamba mahali pekee panapofaa katika jimbo zima ni pale penye shamba la matufaha la mjane Permelia Stroud. Miti mia mbili, aliyoipanda pamoja na marehemu mumewe. Muswada ulisema shamba lichukuliwe kwa manufaa ya umma. Mama Stroud, inaelekea, hakuwa umma. Kampuni nayo ilikuwa imemnong'oneza Pruitt kwamba muswada ukipita, njia yake ya kwenda Bungeni Washington ni nyeupe.

Seneti ilikuwa na wajumbe thelathini. Pruitt alikuwa na kura kumi na tano, na alihitaji kumi na sita. Aliwajua wapinzani wake: wakibanwa huruka dirishani ili idadi ya wajumbe wa kupigia kura isitimie, desturi nyingine ya heshima katika jimbo letu. Hivyo asubuhi ile aliwawahi kwa hoja: madirisha yapigiliwe misumari, mlango ufungwe, na usifunguliwe mpaka saa ya Seneti igonge saa sita. Hoja ikapita, wapinzani wengine wakiwa bado wanavua makoti. Ilipofika saa sita kasoro dakika tano, Pruitt akapanda kiti, akaisimamisha saa.

"Waheshimiwa," alisema akishuka, "sasa hatuna haraka."

Kosa lilikuwa moja tu, tena dogo. Chakula cha mchana cha Seneti huliwa saa sita.

Wa kwanza kuligundua alikuwa Mheshimiwa Bartholomew Vance, mpinzani mwenye tumbo lililomtangulia kila aendako. Aliinama kwenye tundu la ufunguo. Upande wa pili wa mlango alikaa Hezekiah Dobbs, bawabu wa Seneti kwa miaka kumi na tisa, ufunguo shingoni.

"Mzee Dobbs, fungua bwana. Njaa inauma."

"Saa ngapi huko ndani, Mheshimiwa?"

"Saa sita kasoro dakika tano."

"Basi bado. Jikaze, si dakika tano tu?"

Pruitt akamsukuma Vance kando. "Dobbs! Fungua. Hii ni amri yangu."

"Na ile ya asubuhi ilikuwa ya nani? Mimi nimekula kiapo, Mheshimiwa. Wewe hujala hata hicho."

Pruitt akageuka kutoa hoja ya kufuta hoja yake. Mwenyekiti akafungua kitabu cha kanuni, kitabu ambacho Pruitt alikiandika mwenyewe, akasoma kwamba kufuta hoja kunahitaji taarifa ya siku moja kamili.

"Natoa taarifa sasa hivi. Tutaifuta kesho."

"Kesho ipi, Mheshimiwa?" mwenyekiti aliuliza kwa adabu. "Kwa uamuzi wako, leo haijaisha."

Huko nje Alhamisi iliisha, Ijumaa ikaja ikaenda zake. Ndani, waheshimiwa walikunywa maji ya ndoo, wakatafuna tumbaku, wakalala kwenye viti wakiota bata mzinga. Kamati ya Kilimo ilikula mshumaa mmoja na kuwasilisha taarifa kwamba unakosa chumvi.

Jumamosi asubuhi Mama Stroud alifika na gari la farasi. Hakuja kulia. Alitandika meza mbele ya mlango, akafunua blanketi, akapanga pai kumi na mbili za matufaha zikiwa bado za moto. Kisha akavua aproni akaanza kupepea kuelekea tundu la ufunguo.

"Mama Stroud, wewe ni shetani!" sauti ya Pruitt ilitoka ndani.

"Mimi ni mjane, Mheshimiwa. Shetani ana reli." Akamgeukia bawabu. "Dobbs, hebu onja. Mdalasini umezidi?"

"Haujazidi. Ila niongeze kipande, nihakikishe."

Ndani, Vance alikuwa analia machozi. Pruitt akaona mwanya, akamshika bega.

"Vance, ndugu yangu. Kura moja tu."

"Kwa kipande cha pai," Vance alisema, "mimi leo ningepiga kura kuuza kaburi la mama yangu, Mungu anisamehe."

Mama Stroud aliyasikia hayo, na mkono wa kupepea ukasimama. Kumbe miti yake yote mia mbili ilikuwa inategemea tumbo la mtu mmoja, na pai amezioka mwenyewe.

"Basi piga!" Pruitt alisema.

"Nile kwanza."

"Piga kwanza, utakula baadaye."

"Nimekujua miaka kumi, Pruitt. Hiyo baadaye yako naijua. Mkono mtupu haulambwi."

Pruitt alimweleza taratibu, kama wakili kwa mteja mzito wa kuelewa: pai haiingii bila mlango kufunguliwa, mlango haufunguliwi bila saa sita, na saa sita ikigonga muswada umekufa. Vance alimjibu kwamba hayo ni mambo ya mawakili, yeye ana njaa.

Kinachofuata kimeelezwa kwa namna mbili. Wataalamu wa sheria wanasema Pruitt alipima upya manufaa ya umma. Waliokuwepo wanasema tumbo lake lilinguruma mpaka mwenyekiti akagonga nyundo kuomba utulivu. Alipanda kiti, akafumba macho, akausukuma mshale kwa kidole. Saa ikagonga mara kumi na mbili, na muswada ukafa pale pale.

Dobbs akafungua. Pruitt ndiye aliyetoka wa kwanza. Mama Stroud, akicheka na kulia kwa pamoja, alimkatia kipande kikubwa kuliko vyote.

"Kula, baba. Ni matufaha ya shamba lile lile."

Akala vinne.

Majira ya vuli aligombea ubunge wa Washington hata hivyo, maana mwanasiasa hafi kwa muswada mmoja. Kwenye mkutano mkubwa wa kampeni mpinzani wake hakuhutubia. Alifungua tu kumbukumbu rasmi za Seneti, akasoma: "Saa sita kasoro dakika tano, Mheshimiwa Pruitt awaomba wajumbe wawe na subira. Saa sita kamili, Mheshimiwa Pruitt aua muswada wake mwenyewe kwa sababu ya njaa."

"Dakika tano!" mkulima mmoja alipaza sauti. "Ndama wangu anavumilia kuliko huyo!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Zilikuwa siku mbili!" Pruitt alifoka.

"Ala! Kwa hiyo kumbukumbu za Seneti ni za uongo?" mpinzani wake aliuliza.

Pruitt akapiga hesabu ya haraka. Akikubali, basi kila sheria iliyopitishwa saa ikiwa imesimama ni batili, na mojawapo ni ile iliyompa yeye leseni ya uwakili. Akavua kofia, akainua mkono wa kulia, na mbele ya watu elfu mbili akathibitisha, kwa heshima na taadhima, kwamba zilikuwa dakika tano tu.